Nyota Moja kwa Gemu Ambayo Sikuicheza



Mhariri wetu aliniomba makala fupi yenye orodha: gemu zipi mwanafunzi wa Kiislamu anaweza kucheza na zipi aziache. Alinijia mimi kwa sababu mbili. Kwanza, nasoma masomo ya Kiislamu, na wenzangu wa hosteli hudhani kwamba kila mtu wa idara yetu anatembea na mizani ya halali na haramu mfukoni. Pili, anajua kwamba likizo zangu nazimaliza Nakivubo, kwenye kibanda cha gemu cha baba yangu mdogo. Basi nikaanza kuiandika hiyo orodha. Nilipofika gemu ya sita nikaichana karatasi. Nitaeleza kwa nini, na mtanisamehe nikianza na aibu yangu mwenyewe.

Kwa asiyepajua Nakivubo, ni bondeni, chini ya kilima cha Old Kampala. Pana uwanja wa mpira wa mwaka 1926, ambao ulijengwa upya na kufunguliwa tena mwaka 2024. Pana soko la Owino, ambalo jina lake rasmi ni St Balikuddembe lakini sijawahi kumsikia abiria akimwambia kondakta jina hilo. Pana mfereji mkubwa unaopeleka maji ya mji hadi Ziwa Viktoria, na mvua ikinyesha sana mfereji huo hutukumbusha kwamba ulikuwepo kabla yetu. Sehemu moja ya hapo inaitwa Shauriyako. Niliwahi kuwaeleza rafiki zangu Waganda maana ya jina hilo kwa Kiswahili wakacheka sana, maana ndivyo biashara nyingi za pale zinavyokwenda: umenunua redio, umefika nyumbani haiongei, shauri yako.

Kibanda cha Baba Mdogo kina sehemu mbili. Mbele anauza mashine zilizotumika, kuanzia PlayStation 2 mpaka 4, pamoja na padi, nyaya na diski. Nyuma ya pazia kuna televisheni nne na mabenchi. Mechi moja ni shilingi 1,000, na sheria ya nyuma ya pazia ni ile ile ya vibanda vyote nilivyoviona Kampala: anayeshindwa ndiye anayelipa.

Wazo la vikadi lilikuwa langu. Wateja walikuwa wakiuliza swali moja kutwa nzima: hii ni nzuri? Nikakata karatasi ngumu vipande vidogo, nikachora nyota, nyingi zikiwa tano, nikaandika na maneno mawili matatu, nikabandika juu ya kila diski. Mpira, nyota tano. Mbio za magari, nne. Ngumi na mateke, tatu. Vita vya bunduki, mbili, na zile za kuiba magari na kupiga polisi nazo mbili. Zenye miungu na mazimwi, moja. Baba Mdogo alifurahi kwa sababu mauzo yalipanda. Watu waliviamini vikadi vile. Muuzaji wa jirani alikuwa akimwambia mteja, “Kamwulize yule kijana wa kofia, huyo ni shehe, hawezi kukudanganya.”

Sasa hesabu ambayo sikumwambia mtu. Diski zilikuwa zaidi ya arubaini. Nilizokuwa nimezicheza mwenyewe hazikufika kumi. Nyingine nilizihukumu kwa picha ya jaladani, kwa namba nilizozisoma kwenye intaneti, na kwa maneno ya vijana wa kwenye benchi.

Siku moja akaja mama mmoja anayeuza nguo za mitumba za watoto ndani ya Owino. Kaka yake aliye Dubai alikuwa amemletea mwanawe PlayStation 4 kama zawadi ya kufaulu mtihani wa kumaliza msingi. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya mama yake, umri wa miaka kumi na minne hivi, macho yake yote kwenye diski moja: God of War, ile ya mwaka 2018, mzee mwenye ndevu ameshika shoka na mtoto wake kando. Mama akaniuliza, “Shehe, wewe unasoma dini. Nimchukulie ipi?”

Nikaichukua ile ya shoka nikaigeuza. “Hii iache, Mama. Ni ushirikina mwanzo mpaka mwisho. Haina kitu ndani isipokuwa kuua.” Nikamwekea diski nyingine mkononi. “Chukua hii. Hii ni mpira tu.”

Akanishukuru, akaniombea dua nimalize masomo salama, akalipa.

Baada ya kama miezi miwili akarudi peke yake. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Kijana wake alikuwa amekuwa fundi wa mpira wa kwenye televisheni. Akitoka shule anapita vibandani, na Jumamosi anaingia kwenye kombe: vijana wanane, kila mmoja anaweka shilingi 5,000, bingwa anachukua zote. Alianza kwa kushinda. Kisha akashindwa, akatafuta pesa ya kurudisha zile alizopoteza, na pesa iliyokuwa karibu ilikuwa ada ya muhula wa pili ndani ya kopo la mama yake. Shilingi 180,000. Si zote zilizopotelea kwetu, lakini nyingine zilipotelea kwetu, na hilo silisemi kwa kubahatisha. Kwenye kibanda chetu mimi ndiye niliyekuwa naandika majina ya washindani ubaoni. Jina lake niliandika mimi, kwa chaki, zaidi ya mara moja.

Mama aliweka diski juu ya meza. Akasema, “Uliniambia ni mpira tu.”

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza ni kitu gani hasa nilimfanyia. Sikumwambia uongo kuhusu ile diski ya mpira, ni mpira kweli. Na kuhusu ile ya shoka, huenda hata leo ningemshauri vilevile asimnunulie mtoto wa umri ule. Basi kosa langu liko wapi?

Muhula huo tulikuwa darasani tukisoma elimu ya jarh na taadili, ile elimu ya kuwapima wapokezi wa hadithi: nani ni thiqa, nani ni mkweli mwenye makosa, nani dhaifu, nani wa kuachwa kabisa. Ibn Abi Hatim al-Razi, aliyefariki mwaka 327 Hijria, aliandika kitabu kizima chenye jina hilo na kupanga daraja za maneno yanayotumika. Nilikuwa nimezihifadhi daraja zile kwa ajili ya mtihani na sikuwahi kufikiri kwamba zinanihusu mimi na vikadi vyangu. Kumbe wale wazee walikuwa wahakiki. Kazi yao ilikuwa kuwaambia watu waliokuwa mbali, ambao hawawezi kujionea wenyewe, nani wamwamini na nani wasimwamini. Na waliogopa kazi hiyo, kwa sababu kumtaja mtu kwa ubaya asili yake ni kusengenya, na walijihalalishia kwa sababu moja tu, nayo ni kuwanasihi Waislamu.

Katika kanuni zao kuna moja iliyonikera usingizini. Wengi wao wanasema kwamba jarh haikubaliwi mpaka ielezwe sababu yake. Kusema “fulani ni dhaifu” hakutoshi, maana watu hutofautiana katika kile wanachokiona ni aibu. Al-Khatib al-Baghdadi amepokea mfano maarufu: Shu‘ba bin al-Hajjaj, imamu mkubwa, aliulizwa kwa nini ameacha hadithi za mtu fulani. Akajibu kwamba alimwona akimkimbiza farasi wa kawaida, asiye wa Kiarabu. Basi! Lau Shu‘ba angenyamaza na sababu yake, watu wangesema imamu amemwacha huyu, lazima kuna jambo zito. Alipoeleza, wakaona kwamba sababu hiyo haimwangushi mtu.

Nyota ni jarh isiyo na maelezo. Ukiweka nyota moja unamwambia mtu “acha”, na unamnyima nafasi ya kukuona ulivyokimbiza farasi wako.

Nikaanza kusoma habari za wahakiki wakubwa wa gemu huko duniani, nikitaka kuona kama wao wako salama zaidi. Hawako salama sana. Tangu mwaka 2001 kuna tovuti ya Metacritic inayokusanya alama za wahakiki na kuzigeuza namba moja kati ya 100. Inaonekana ni jambo dogo. Lakini mwaka 2010 studio ya Obsidian ya Marekani ilitoa Fallout: New Vegas, na mmoja wa viongozi wake baadaye alieleza kwamba bakshishi yao ilifungwa kwenye alama 85 za tovuti hiyo. Walipata 84. Mhakiki mmoja aliyeamka vibaya asubuhi anaweza kuwa ndiye aliyebeba ile alama moja.

Kuna tena kisa cha Jeff Gerstmann wa GameSpot. Novemba 2007 aliipa gemu ya Kane & Lynch alama 6 kati ya 10 wakati kampuni iliyoitoa ilikuwa imelipia matangazo makubwa kwenye tovuti hiyo hiyo. Akafukuzwa kazi. Mwaka 2012 alisimulia hadharani kwamba shinikizo la watangazaji lilihusika. Nilipoisoma habari hiyo nilitikisa kichwa kuwasikitikia makafiri na pesa zao, kisha nikakumbuka kasha lililokuwa chini ya meza yetu. Diski zilizokuwa zimejaa kuliko zote, ambazo Baba Mdogo alizinunua kwa jumla na alikuwa na hamu ya kuzimaliza, zilikuwa za mpira. Sikumbuki kama aliwahi kuniambia nizipe tano. Hakuhitaji kuniambia. Mimi nakula nyumbani kwake.

Lakini kisa kilichonishika zaidi ni cha Cyberpunk 2077. Kabla haijatoka, kampuni ya Poland iliyoitengeneza, CD Projekt, iliwapa wahakiki toleo la kompyuta tu, na haikuwaruhusu kuonyesha picha walizozirekodi wenyewe wakicheza, ila zile zilizotolewa na kampuni. Kompyuta zenye nguvu ziliibeba vizuri, alama zikapanda juu sana. Tarehe 10 Desemba 2020 watu wenye PlayStation 4 na Xbox One za kawaida waliiweka kwenye mashine zao, wakakuta inakwama, inajizima, watu wa ndani hawana sura. Baada ya kama wiki moja Sony wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni, na haikurudi mpaka Juni 2021.

Mnaijua hadithi ya lundo la nafaka sokoni. Mtume (S.A.W.) alipita akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali akasema ni mvua. Akaulizwa kwa nini basi asiuweke ule uliolowa juu watu wauone, na neno lililofuata juu ya mwenye kughushi mnalijua. Mimi nimeisikia hadithi hiyo tangu madrasa na siku zote nilidhani inamhusu muuzaji peke yake. Sasa naitazama nafasi ya mhakiki. Mhakiki ni yule aliyetumwa na wateja waingize mkono kwa niaba yao, kwa kuwa wao hawana muda wala fursa. Akirudi na habari za ile nafaka kavu ya juu aliyoonyeshwa na mwenye duka, hakusema uongo. Alichokisema kuhusu ya juu ni kweli. Ila mkono wake haukuingia.

“Mpira tu.” Hiyo ilikuwa nafaka yangu ya juu.

Tena mpira wenyewe una unyevu wake ndani hata ukiuchezea chumbani kwako. Zile gemu za FIFA za miaka ya karibuni, na EA Sports FC iliyozirithi mwaka 2023, zina sehemu ya kununua pakiti za wachezaji kwa pesa halisi bila kujua utamtoa nani. Ubelgiji ililiona hilo kuwa kamari mwaka 2018, na Januari 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi hizo nchini humo. Jaladani, huko Ulaya, gemu hizi zimewekewa namba 3, yaani zinafaa mtoto wa miaka mitatu. God of War imewekewa 18. Namba zile zilitazama zaidi damu, matusi na uchi. Sisi Waislamu tunayo aya inayoweka kamari sentensi moja na pombe na masanamu, na bado jicho langu lilikuwa linatafuta masanamu pekee.

Hapa rafiki yangu wa sharia, ambaye nilimsomea nusu ya makala hii, alinikata. Akasema, “Je, lazima nionje pombe ndipo niseme ni haramu?” Ni swali zuri na lilininyima raha siku mbili.

Nadhani tunachanganya kauli mbili. “Hii ni haramu” ni hukumu, na hukumu inaweza kusimama juu ya nassi bila mimi kuonja chochote. “Hii haina kitu ndani isipokuwa kuua” si hukumu. Ni habari. Ninasema kwamba niliingia nikatazama nikakuta hivi. Na habari ina masharti yake: ama umeiona, ama useme umeipokea kwa nani. Wapokezi wetu hawakuona aibu kusema “amenihadithia fulani”. Ningeweza kumwambia yule mama, bila dhambi yoyote, “Mimi sijaicheza. Jaladani wameandika 18. Wenzangu walioicheza wanasema ina miungu ya kubuni na damu nyingi. Kwa umri wa mwanao mimi naogopa.” Maneno hayo yangechukua nusu dakika. Sikuyasema kwa sababu yangenishusha kutoka kwenye ushehe hadi kwenye ukijana wa dukani. Surat al-Israa inatuonya tusifuate tusilo na elimu nalo, na inataja kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Vyangu vitatu vyote vilikuwa likizo siku ile.

Na hili ndilo gumu zaidi kulikubali: hukumu yangu huenda ilikuwa sahihi huku ushahidi wangu ukiwa wa uongo. Nilizoea kudhani kwamba mtu akifikia jibu sahihi basi amesalimika. Lakini katika hadithi ya makadhi watatu, yule anayehukumu watu kwa ujinga ametajwa miongoni mwa walioangamia, na hapakuwekwa sharti kwamba awe amekosea. Kulenga gizani ukapata si kulenga.

Basi nikaicheza. Nilimwomba Baba Mdogo ufunguo, na baada ya Isha, pazia likiwa limefungwa, nikakaa usiku kumi na moja. Sina hakika kama nilifanya vyema, na sitaki mtu anitumie kama dalili. Nilichokikuta ni hiki. Miungu ya uongo imo, tele, na mchezaji unaombwa uichukulie kama kweli kwa saa nyingi. Hilo nalichukia na halikupungua kwa kuizoea. Damu imo, na mikono yako ndiyo inayoimwaga, kwa kubonyeza. Lakini kiini chake ni baba na mtoto waliobeba majivu ya mama kwenda kuyamwaga juu ya kilele kirefu, kama alivyousia. Baba huyo, Kratos, alishaua watu wengi katika maisha yake ya zamani na anamficha mwanawe habari hizo, akidhani anamlinda. Mtoto anapokuja kuambiwa kwamba naye ana damu ya miungu, anapata kiburi, na anamuua adui aliyeumia ambaye baba yake amemkataza asimguse. Gemu haimpigii makofi. Baba anasimama pale na kuona kwamba ukali alionao mtoto ameurithi kwake, na kwamba kimya chake hakikumlinda mtu. Nilizima televisheni nikarudi nyumbani kwa miguu kupita kando ya mfereji, na sikuwa nikimfikiria Kratos.

Bado nisingempa mtoto wa miaka kumi na minne. Ila ile “haina kitu ndani” ilikuwa bughudha, na aya ya Surat al-Maida inayokataza chuki kutupeleka kwenye dhulma haikuvitoa vitu vya sanaa nje ya uadilifu wetu.

Chuki ina dada yake, nayo ni upendeleo. Ilipotoka Assassin’s Creed Mirage Oktoba 2023, ikiwa na Baghdad ya karne ya tisa, misikiti na adhana inayosikika mitaani, wenzangu watatu hosteli waliipa alama zote kabla haijamaliza kupakuliwa. Mimi mwenyewe adhana ile ilinigusa. Lakini kazi ya mchezaji humo ni kunyemelea watu na kuwachoma visu kwa niaba ya kundi la siri. Kama adhana ingetolewa na kisu kikabaki, tungeipa ngapi? Nadhani tungesema ni gemu ya wauaji na tukaishia hapo.

Kinyume chake, tazama yanayotokea mtu akisema kitu kwa maelezo. Oktoba 2008, siku chache kabla LittleBigPlanet ya PlayStation 3 haijauzwa, Mwislamu mmoja aliyeicheza mapema alisikia kwenye wimbo wa nyuma, wa mwanamuziki wa Mali Toumani Diabaté, maneno ya Qur’ani. Alieleza ni wimbo gani na ni maneno gani. Sony wakazirudisha diski duniani kote na kuutoa ule muziki. Novemba 2021 wachezaji walionyesha kurasa za Msahafu zilizotupwa sakafuni ndani ya Call of Duty: Vanguard, mahali penyewe na picha yake, na Activision wakaomba radhi na kuziondoa. Hao hawakusema “gemu hizi ni mbaya”. Walisema tazama hapa. Kauli ya namna hiyo inajibika, inapimika, na ikiwa si kweli inaonekana si kweli.

Ndiyo maana nimemnyima mhariri orodha yake. Gemu ile ile ya mpira ni mazoezi ya vidole kwa ndugu wawili sebuleni, na ni meza ya kamari nyuma ya pazia. Mafakihi wameruhusu dau katika mambo machache yaliyotajwa, mishale, farasi na ngamia, wakahitilafiana katika kuyapanua. Sijamsoma aliyefikisha ruhusa hiyo kwa vijana wanane wanaochanga 5,000 kila mmoja kwa ajili ya televisheni. Ile ya “anayeshindwa analipa” mechi ya 1,000 ndiyo ninayotaka mjadala wake, maana nusu yetu hapa chuoni tunaifanya na tunaiita ada ya umeme. Mwalimu wangu mmoja anasema ni kamari tupu, kila mmoja ameingia bila kujua kama atatoka na hasara. Mwingine anasema yeyote kati ya wachezaji anaweza kulipia ukodishaji. Orodha ya majina ya gemu haiwezi kulifikia swali hilo, kwa kuwa haliko ndani ya diski.

Nilipomweleza Baba Mdogo yote haya alinisikiliza akiendelea kusafisha padi kwa kitambaa. Kisha akasema, “Mwanangu, mimi niliuza mpira. Mtoto alikwenda mwenyewe.” Sikuweza kumjibu kwa ukali, yeye ndiye aliyenilipia mihula mitatu. Nilimwomba mambo mawili. Kombe la Jumamosi likakoma kwa majuma matatu, kisha likarudi bila jina langu na bila chaki yangu. Vikadi aliniruhusu niviandike upya. Sasa havina nyota. Kile cha mpira kinasema: *Nimeicheza. Uchezaji mzuri, hakuna matusi. Ina pakiti za kubahatisha kwa pesa. Mwulize mwanao anaicheza wapi na nani analipa.* Zile ambazo sijazicheza zina maneno mawili tu: *Sijaicheza.* Ziko nyingi. Baba Mdogo anasema zinafukuza wateja, na kwa hesabu zake hajakosea.

Yule mama nimeshampelekea shilingi 70,000 kwa mafungu, kutoka kwenye pesa zangu za chakula. Mara ya kwanza alikataa, akasema deni si langu. Mara ya pili akazipokea, akazihesabu, akazifunga kwenye pindo la khanga. Kijana alikuwa amekaa juu ya robota la nguo nyuma yake, akinitazama. Akaniuliza kama kweli nimeimaliza ile ya shoka. Nikamwambia ndiyo. Akauliza ikoje.

Nilimtazama mama yake kwanza. Akatingisha kichwa kunikubalia, nami nikaketi juu ya robota la pili nikaanza kumweleza, na ya mbaya na ya nzuri, mpaka adhana ya Alasiri ikatukuta.